Maji ya Chupa ya Kwanza

Mountain View, Nairobi
Jumatano, 30 Julai 2025

Kwa kaka yangu Mutie,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, Munyiva na watoto hawajambo, na hii baridi ya Julai inayotutesa huku haijapata nauli ya kufika Kithangathini. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Were kikohozi kimemwachia, ingawa bado anavaa sweta mbili na kulalamika kwamba angebaki kwao magharibi angekuwa anaota jua. Ivyne ametimiza miaka tisa na anafunga shule Ijumaa. Je, nyanya zinaendeleaje? Mwaitu aliniambia kwa simu kwamba zile za mistari ya juu zimeanza kukauka. Mama yetu huyo hakujua alikuwa anamwambia nani.

Najua unashangaa kuona barua. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa bwenini nikikuomba mche wa sabuni. Lakini simu yako, kaka, ina tabia mbaya: unaiweka sauti ya nje, na kijiji kizima kinasikia. Nilikupigia Jumapili nikiwa nimejikaza kusema nitakayoyasema hapa, nikasikia kwanza mtu akikohoa, kisha mwingine akauliza kama huyo ni Kavutha wa Nairobi, na wa tatu akaomba salamu zake zifike. Nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza. Baada ya hapo uifanyie utakalo, hata ukiisoma mbele ya mkutano wa Jumamosi sitalaumu.

Nianze na yale unayoyajua, maana hayo ndiyo pekee nisiyoyachanganya. Tangu karatasi ya kwanza ya maabara ifike mwezi wa sita, mmefunga kisima kwa kufuli. Wanawake wanafukua mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa mbili kwenda tu, na Munyiva anateka kwa kata kama bibi zetu walivyoteka. Masila, aliyetunza ile pampu miaka kumi na mmoja bila kulala hata siku moja nje ya kijiji, anaitwa muuaji na watu aliokuwa akiwajazia mitungi. Wamesema alimwaga dawa ya nyanya kisimani. Mmemnyang'anya ufunguo, na nimesikia mkewe haketi tena karibu na mtu kanisani. Na Jumamosi hii mnakwenda na mifuko ya saruji kukiziba kisima kisifunguliwe tena.

Siwalaumu kwa hofu hiyo. Sote tunakumbuka kile kisima cha zamani cha shule, kilichomwachia binamu yetu Makau meno ya rangi ya chai mpaka leo. Karatasi ikisema kuna floraidi, ile inayochafua meno, mara nne ya kiwango kinachoruhusiwa, nani angebaki anakunywa huku akisubiri ufafanuzi?

Ila wewe, kaka, ulikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba karatasi ile ina walakini. Uliniandikia ujumbe ukiuliza inawezekanaje iseme maji yetu ni laini. Ukasema maji yanayokataa povu mpaka sabuni iishie mkononi, maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria mpaka ukwanguliwe kwa kisu, yakiitwa laini basi ama mashine imelewa ama watu wa Nairobi hawajawahi kufua shati. Nilicheka peke yangu jikoni kazini. Halafu kicheko kikakauka, na tangu siku hiyo kichwa changu ni kama kabati la mtu anayehama.

Unajua kazi yangu ni usafi na chai katika ofisi ya mawakili huku mjini, ghorofa ya kwanza, na maabara ya maji iko ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo. Ndiyo maana kamati yako ya maji ilisema chupa ya maji ipelekwe kwa Kavutha. Nakumbuka ulivyonisifu mbele za watu, kwamba dada yako amesoma na hawezi kudanganywa na mtu wa ofisi. Mercyline, mama anayepokea chupa kule juu, ni mteja wangu wa chai ya saa nne. Siku majibu yalipotoka, yalikwenda moja kwa moja kwenye simu yako kwa sababu namba yako ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu. Nilipoyaona mimi, wewe ulikuwa umekwisha kuyasoma mkutanoni. Nilipanda ngazi mbili mbili nikamuuliza Mercyline kama hajachanganya karatasi. Akatazama namba ya chupa mara mbili, kisha akaniambia kwa upole, "Dadangu, hii mashine haijui chupa ni ya nani. Inasema tu chenye iko ndani."

Nilishuka ngazi moja moja.

Kisha ukatuma chupa ya pili. Nilipoipokea kwa kondakta wiki iliyopita na kuona umeziba kizibo kwa nta ya mshumaa, ukaandika jina lako kwa kalamu nzito pande zote nne, nilijua humwamini tena kondakta. Masikini kondakta wa watu, hana kosa lolote. Safari hii niliibeba kifuani mpaka ghorofa ya tatu na nikasimama palepale mpaka Mercyline akaibandua ile nta kwa mkono wake.

Majibu yake nimeyaambatanisha hapa, karatasi yenye muhuri wa buluu. Yasome mwenyewe, lakini nitakueleza kama nilivyoelezwa. Maji yale ni magumu sana. Ugumu wake ni chokaa inayotoka kwenye mawe ya chini, ndiyo ule ukoko wa sufuria, ndiyo ile sabuni kugoma. Yana chumvi kidogo, kama tulivyojua siku zote. Floraidi imo, lakini iko chini ya kiwango, na wadudu wa ugonjwa hakuna. Mercyline anasema maji hayo yatakuchosha siku ya kufua na yatakuharibia birika, lakini kunywa unaweza kunywa, na mtoto pia unaweza kumpa. Nilimwambia arudie. Akarudia. Kisha akaweka karatasi mbili sambamba mezani, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Hii ya kwanza si ya huko kwenu. Haiwezi. Hii maji ya kwanza inatoka wapi?"

Kaka, kamati itakuuliza ni karatasi ipi ya kweli. Zote mbili ni za kweli. Hapa ndipo ninapoomba ukae chini kama umesimama.

Unakumbuka wiki ile ya chupa ya kwanza Mwaitu alikuwa kwangu, amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Tangu siku aliyofika alikuwa akigombana na chai yangu. Alisema chai ya Nairobi haina ladha, ni rangi tu, na kwamba maji ya huku yanapita mdomoni bila kusalimu. Mimi nikamcheka. Nikamwonyesha birika langu linavyong'aa ndani, halina ukoko hata chembe, nikamwambia hayo ndiyo maji ya watu waliostaarabika. Aliitikia tu, akaendelea kusonya.

Chupa ilifika Alhamisi. Were aliipitia ofisi ya basi akitoka kazini, akaiweka jikoni kando ya unga, wala hakusema ni ya nini. Asubuhi ya Ijumaa Mwaitu aliamka kabla yetu. Na jicho moja limefungwa bandeji aliitambua chupa ile ya sharubati, maana ni yeye aliyekuwa akitilia mafuta ya taa ndani ya nyingine kama hiyo miaka yote. Aliifungua, akanusa, akaonja kwa kidole. Alipoonja akajua ni maji ya nyumbani, akaamini kwamba mwanawe mkubwa amemtumia kwa sababu alimlalamikia kwa simu. Alifurahi, Mutie. Aliimba wimbo wa kanisa pale jikoni. Nusu akapika chai, na nusu akatia kwenye ndengu alizokuja nazo, akisema ndengu za nyumbani zataka maji ya nyumbani. Nikaamka nikakuta kikombe changu kimefunikwa kwa kisosi. Nilikunywa vikombe viwili. Nikamwambia leo Mwaitu umepika chai. Ndipo nilipogeuka kuchukua chupa niende nayo kazini, nikaikuta tupu, imeoshwa na kupinduliwa kwenye waya wa vyombo.

Sikuweza kumwambia. Ungeona uso wake ungenielewa. Yeye ni mkubwa wa akina mama kanisani, na hadithi kwamba amepika ndengu kwa maji ya kamati, maji ambayo watu wamesubiri miezi mitano yapimwe, ingemtangulia nyumbani kabla hajapanda basi. Na wewe pia nilikuogopa, nisikufiche. Mkutano wenu ulikuwa Jumanne, umeniamini mbele za watu, nami nikupigie simu niseme tumeinywa na maziwa?

Kwa hiyo niliijaza ile chupa kwenye bomba langu la jikoni, hapa Mountain View. Niliona hakuna ubaya. Maji ya kisima chetu tumeyanywa tangu kilipochimbwa na hatujafa. Haya ya bomba langu ni meupe, yanatoa povu kwa sabuni kidogo tu, na nikadhani yatapasi kama mtoto wa mwalimu, nanyi mtafurahi na mambo yataisha. Halafu nikafikiri kwamba watu wa maabara si wajinga, maji ya Kithangathini lazima yawe na ladha. Nikatia chumvi ya jikoni, vidole vitatu, nikatikisa. Nikaonja. Nikaongeza kidogo. Nakuandikia hili huku nimejifunika uso kwa aibu, na najua hata ukiwa na hasira hapo utacheka.

Sasa utaelewa nilivyochanganyikiwa majibu yalipokuja mabaya. Nilijua si ya kisima chenu. Lakini ni ya nini? Kwanza nililaumu chumvi. Nikaitupa pakiti nzima, tukala mboga chapwa siku mbili, na Were akauliza kama tumeanza kufunga. Baadaye nikawaza kwamba labda mabaki ya maji yenu yalikuwa yameshika kwenye kuta za chupa, na kama tone moja linaweza kuleta majibu kama hayo, basi kisima chenyewe ni sumu kweli na mmefanya vizuri kukifunga. Wazo hilo lilinipa usingizi wiki tatu. Nililishikilia kwa sababu lilinifaa. Kila Mwaitu aliponiambia habari za Masila nilibadilisha mazungumzo.

Kitu ambacho sikukiwaza hata mara moja ni bomba langu. Mercyline aliponiuliza yale maji yalitoka wapi, nilimweleza kila kitu, hata ndengu. Hakucheka. Aliniambia nimletee chupa nyingine kutoka bomba lilelile, bila chumvi. Nimepata majibu juzi. Ni yaleyale ya karatasi ya kwanza: maji laini, mazuri kwa kufua, na floraidi mara nne.

Nimemuuliza kama kuchemsha kunasaidia, kwa sababu mimi huchemsha kila siku, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Akasema kuchemsha huua wadudu tu, floraidi inabaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inazidi. Nikamwendea Obuya, mlinzi wa jengo letu anayewasha pampu, nikamwambia. Akachukua kikombe, akateka, akanywa mbele yangu mpaka mwisho, akasema, "Mama Ivyne, hii maji ni poa sana. Majirani wote wanatuonea wivu." Na ni kweli wanatuonea wivu. Bomba la mji kwenye mtaa huu hutoa maji siku moja kwa wiki, letu linalotoka kwenye kisima cha jengo halikauki. Mwenye jengo naye tumempigia simu, ameahidi atakuja, hakutaja siku.

Jana jioni nilikaanga njugu nikakaa nazo kwenye ngazi. Niliwaita watoto wa jengo, nikawapa mmoja mmoja, nikawa nawachekesha ili wafungue midomo. Wale waliohamia mwaka jana meno yao ni kama ya watoto wote. Wale waliozaliwa hapa, kaka, ni wanne, na wote wanne meno yao mapya ya mbele yana madoa. Mwingine ni mistari myeupe kama chaki, mwingine ni kahawia kabisa. Wa tano ni Ivyne.

Madoa ya Ivyne nilianza kuyaona meno makubwa yalipoota. Nilisema ni peremende. Nikamnunulia mswaki mgumu, nikamsugua kwa mkaa mpaka ufizi ukatoka damu, nikamchapa siku aliyokataa. Mwaitu alipomtazama kinywani mwezi wa tano, kwa lile jicho moja, alisema huyu mtoto anakunywa maji mabaya. Niliudhika. Nilimjibu vibaya, nikamwambia maji mabaya ni yale ya kwao. Na wewe unajua ni mara ngapi umeniomba nimlete Ivyne likizo acheze na wenzake. Miaka mitatu nimekupa sababu za uongo: mara ana masomo ya ziada, mara ana homa. Ukweli ni kwamba niliogopa kisima chenu kisije kikamharibia meno. Nyani haoni kundule, kaka. Nilikuwa nikimkinga mtoto na maji ya kwetu huku nikimjazia kikombe asubuhi na jioni kwa mkono wangu mwenyewe.

Sijui la kufanya. Nafungua bomba, nafunga, nafungua tena. Jana niliosha mchele mara tatu nikitafuta kama nitauosha vizuri kwa maji hayohayo. Were ameniuliza tutakunywa nini, nikamjibu kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyechimba kisima. Kuhama ni lazima, lakini kwenda wapi, na huko nako nitajuaje? Mercyline amesema meno yaliyokwisha kuota na madoa hayasafiki kwa mswaki, lakini nikimwachisha maji haya sasa, yale ambayo bado hayajaota huenda yakapona. Hilo "huenda" ndilo nililoshika.

Nakuomba mambo mawili tu. Usiruhusu hata mfuko mmoja wa saruji ufunguliwe Jumamosi. Na mrudishie Masila ufunguo wake siku hiyohiyo kondakta atakapokukabidhi barua hii, kabla sijafika, usisubiri mkutano. Mimi nitakuja. Tunapanda basi Ijumaa, mimi na Ivyne, na nitasimama mbele ya watu niseme ni nani aliyetia chumvi kwenye chupa. Baada ya hapo nitakwenda nyumbani kwa Masila kumwomba msamaha yeye na mkewe, na kama hawatanifungulia mlango nitakaa nje mpaka wafungue. Kuhusu Mwaitu na ndengu, fanya unavyoona. Kama inawezekana mkutano uambiwe kwamba mimi nilimwaga yale maji, nitashukuru, lakini sitasema uongo mwingine nikiulizwa.

Ivyne anajua anakuja kukaa kwenu likizo nzima, na labda na muhula pia, mpaka nipate mahali. Leo asubuhi aliniuliza kama maji ya kwa mjomba ni mazuri. Nikamwambia ni mazuri, ila sabuni haitoi povu. Akalicheka jambo hilo, akaziba mdomo kwa mkono kama nilivyomfundisha afanye mbele za watu.

Msalimie Munyiva, umwambie aniombee msamaha kwa mikono yake mpaka niiombe mwenyewe. Wasalimie watoto na Makau. Mwaitu mwambie nakuja na majani ya chai, maji nitayakuta. Were anawasalimu, anabaki kulinda nyumba na kuhangaika na mwenye jengo. Tafadhali njoo stendi na punda, maana nina mitungi sita mitupu.

Ni mimi dada yako mwenye makosa,

Kavutha